Penalti ya Jumamosi

Friji ilifika asubuhi, Mama Pasi akiwa ameinyunyizia maji kola ya shati la mteja na pasi yake haijapata moto wa kutosha. Wabebaji wawili waliipitisha mlangoni kwa ubavu, mmoja akirudi kinyumenyume na kusema taratibu, taratibu. Kabla hajapata nafasi ya kuuliza chochote, walikuwa wameshasogeza kabati la vyombo na kuisimamisha pale ilipokuwa meza yake ya kukunjia nguo.

"Jamani, hii mnaipeleka wapi?"

"Hapa hapa, mama. Si ndiyo kwa Refa?"

"Ndiyo kwa Refa. Lakini sisi hatujanunua friji."

"Imeshalipiwa," alisema yule mkubwa, akijifuta jasho kwa shingo ya fulana. "Sisi kazi yetu kubeba."

"Imelipiwa na nani?"

Walitazamana. Yule mdogo akainama kutafuta soketi. "Mama, wenzako wakiletewa vitu vizuri hivi huwa wanatutafutia soda."

Soda hakuwa nayo. Aliwapa maji ya mtungini, wakanywa wakiwa wamesimama, wakaondoka. Friji ikabaki inanguruma peke yake, nyeupe, ndefu kuliko mtu yeyote wa nyumba ile, na vile vyumba viwili vikaonekana ghafla kuukuu zaidi ya vilivyokuwa jana.

Mtaani walimwita Mama Pasi kwa sababu nguo za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake zikiwa zimekunjamana na kutoka zimenyooka. Mume wake walimwita Refa, ingawa riziki yake ilikuwa kukata vioo vya madirisha katika karakana ya mtu. Urefa ulikuwa wa Jumamosi tu. Posho yake ilitosha nauli na sabuni ya kufulia soksi, lakini siku hiyo alitembea kama mtu aliyenyooshwa mgongo, na Mama Pasi hakuwahi kumnung'unikia.

Binti yao aliporudi kutoka shule alifungua mlango wa friji, akaingiza mkono na kuuacha humo ndani, anatabasamu. Akajaza maji kwenye kila chupa aliyoikuta. Baba yake alipoingia jioni alimkuta amekaa mbele ya friji kama mtu anayetazama televisheni.

Refa hakukaa. Aliuliza nani ameleta, akajibiwa kwamba haijulikani. Akauliza kama kuna aliyetia saini mahali, akaambiwa hapana. Akachomoa waya ukutani.

"Asiiguse mtu."

"Maji yangu yamo ndani, baba."

"Yatoe, mwanangu."

Mama Pasi alimtazama mumewe akimsaidia mtoto kutoa chupa moja moja, uso umemsawijika, naye akajua kwamba hakuna duka lililokosea nyumba.

*

Mdogo wake Mama Pasi aliingia giza lilipoanza, bila hodi, kama kawaida yake. Walimwita Chapu kwa sababu mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu. Alifanya kazi dirishani kwenye duka la kubeti karibu na stendi, akipokea madau ya watu na kuwachapia tiketi zao. Alikula, akasifia mchuzi, akazungumzia mvua. Akauliza habari za shule za binti, ambazo hakuwahi kuziuliza tangu binti aanze shule.

Friji ilikuwa nyuma ya kiti chake. Chapu huyu huyu, ambaye kijiko kipya kikiingia nyumbani mwa dada yake lazima aulize kimenunuliwa wapi, hakuigeukia hata mara moja. 

"Wewe, hujaona friji?"

"Nimeiona, dada."

"Mbona huulizi?"

Refa aliweka kijiko chini. Binti akaambiwa aende kwa jirani.

"Nilijisifu tu," alisema Chapu. "Walikuwa wanabishana dukani habari za mechi ya Jumamosi, Saruji na Reli. Nikasema refa wa mechi hiyo ni shemeji yangu, tunakula sahani moja. Kumbe Mhasibu yuko nyuma yangu."

Kumtaja Mhasibu kulitosha. Maduka ya kubeti ya mji mzima yalikuwa yake, na mashine za kamari kwenye baa, na vijana wenye kofia waliokaa nje ya maduka hayo bila kazi inayoonekana. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Akasema nini?" aliuliza Refa.

"Akasema vizuri, basi tuna ndugu uwanjani. Kesho yake wakaja wageni, watu wa mbali, wenye magari. Akaniita mbele yao, akaniwekea mkono begani, akawaambia, huyu ndiye shemeji mtu. Wameweka hela, shem. Hela ambazo mimi sijawahi kuzichapa kwenye tiketi."

"Wanataka nini?"

"Saruji wafungwe. Mawili au zaidi. Moja halitoshi."

"Nikichezesha kama ninavyochezesha siku zote?"

Chapu aliangalia sahani yake. "Wamechukua kitambulisho changu. Na simu. Wamesema nisitoke mjini, na Jumamosi nitakaa nao jukwaani."

"Watakufanya nini?" Mama Pasi aliuliza.

"Hawajasema, dada. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yule mwenzangu wa dirisha la pili naye hawakumwambia kitu. Waliendelea kumsalimia vizuri tu. Halafu pikipiki ikamgonga mbele ya kwao, na leo anatembelea magongo."

 Refa aliinuka akaenda uani kunawa. Kila siku alirudi na vumbi la kioo kwenye mikunjo ya vidole na alijua kulitoa haraka, lakini siku hiyo maji yalisikika yakimwagika muda mrefu sana.

*

Asubuhi Refa aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya chama cha waamuzi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: angemwambia katibu kwamba goti linamsumbua, apangwe mtu mwingine, na akiona dalili ya kusikilizwa angeeleza mengine. Mama Pasi alimpigia pasi shati jeupe. Alirudi jua likiwa bado kichwani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Umemwambia?"

"Nilianza na goti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniagizia chai."

"Kisha?"

"Kisha akasema goti linatibika kwa maji ya baridi." Refa alicheka bila furaha. "Akaniuliza, ile friji inapoza vizuri?"

Mama Pasi aliketi karibu naye.

"Na polisi?" aliuliza.

"Nikaseme nini? Kwamba nimeletewa friji na sijui nani kaleta? Wataniuliza kama nina zawadi nyingine ya kulalamikia."

"Basi usiende. Jumamosi lala hapa, ujifunike."

"Katibu amesema nisipotokea atajua nimewakimbia. Hakusema ni kina nani." Akamgeukia. "Nikienda nikachezesha kwa haki, na Saruji wakashinda, mdogo wako amekwisha. Nikiwauza Saruji, mimi nimekwisha. Wewe ungechagua nini?"

Swali lile halikuwa la haki na wote wawili walijua. Chapu alikuwa amelelewa na Mama Pasi tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Akasema anakwenda kuchukua nguo za wateja, na kweli alizichukua, akizunguka mtaa mzima na kapu kichwani bila kusikia salamu za watu.

*

Siku iliyofuata alivaa gauni lake la harusini, la kwendea harusi za wengine, akaenda mwenyewe kwa Mhasibu. Ofisi ilikuwa juu ya duka la stendi. Msichana wa dirishani alimwambia asubiri chini. Akasubiri, amebanwa kati ya wanaume waliokuwa wakitazama mbio za mbwa kwenye skrini na kuchana tiketi zao kimya kimya. Akaona kiti, akakaa.

"Dada, viti ni vya wanaobeti," alisema kijana mmoja mwenye kofia, kwa adabu kabisa.

Akasimama. Miguu ilikuwa imeanza kumuuma alipoitwa juu.

Mhasibu alikuwa mtu mfupi, wa makamo, mwenye miwani ya kusomea aliyoining'iniza shingoni. Alisimama kumpokea. Akamwita dada. Akamuuliza habari za nyumbani, akangoja ajibiwe.

"Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu," alisema Mama Pasi.

"Chapu? Kijana mzuri. Mchangamfu."

"Ni mjinga tu, kaka. Alisema maneno ya kijinga. Hana uwezo juu ya mume wangu, na mume wangu hana tabia hiyo. Naomba umrudishie kitambulisho chake. Na friji yako ije ichukuliwe, hatujaitumia."

"Friji gani?"

"Ile uliyotuletea."

Mhasibu alimtazama kwa mshangao mpole, kama daktari anayesikiliza mgonjwa aliyechanganya siku. "Dada, mimi sijamletea mtu friji. Labda duka limekosea nyumba. Na kitambulisho cha mfanyakazi kukaa ofisini ni jambo la kawaida, ni usalama tu." Akavaa miwani, akaivua. "Mpira ni mchezo. Kuna anayefungwa na kuna anayefunga. Mimi naomba tu Jumamosi iishe salama, kila mtu arudi kwake na miguu yake. Wewe huombi hivyo?"

"Naomba."

"Basi tunaomba kitu kimoja."

Mama Pasi aliona kwamba mazungumzo yamekwisha. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamechukuliwa mdomoni mwake na kugeuzwa. Alikuwa anainuka Mhasibu aliposema, "Nasikia mkono wako ni mzuri kwenye kola."

"Ndiyo kazi yangu."

"Dobi wangu ananiunguzia." Akafungua kabati, akatoa furushi la mashati, akamkabidhi. "Nguo hizi nizipate kesho. La bluu nitalivaa uwanjani."

Alishuka ngazi akiwa amezikumbatia. Kijana mwenye kofia alimfungulia mlango. Nusu ya njia alitaka kuzitupa mtaroni, akaona kwamba mtu akimpinga Mhasibu hata kwa mashati tu, hajui atalipiziwa kwa kitu gani, basi akaenda nazo mpaka nyumbani. Akawasha pasi. Alizinyoosha zote vizuri kuliko alivyowahi kunyoosha nguo ya mtu, na lile la bluu akaliacha la mwisho.

"Za nani hizi?" Refa aliuliza alipoingia.

"Za mteja mpya," akasema, na hakuweza kumtazama.

*

Mama Pasi hakuwa mtu wa uwanjani. Hakuweza kuvumilia kusikia maelfu ya watu wakimtukana mtu ambaye jioni angekuja kumwomba chai. Jumamosi ile alikata tiketi ya bei ya chini, akakaa juani upande wa Saruji, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi.

Ng'ambo, chini ya paa, aliliona lile shati la bluu. Kola ilikuwa imesimama sawasawa. Safu mbili chini yake Chapu alikaa katikati ya wanaume wawili, ameshika chupa ya soda ambayo haikupungua.

Refa alitoka na wasaidizi wake, soksi nyeupe, mgongo umenyooka. Asubuhi, mlangoni, alikuwa amemwambia mkewe maneno machache tu. "Nitapuliza ninachokiona. Nimeshindwa kufikiria kitu kingine."

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Mama Pasi hakuelewa mengi, ila kila Saruji walipokwenda mbele watu waliomzunguka waliinuka na moyo wake ukashuka. Baada ya mapumziko Reli walipata bao safi, kichwa cha kona, bao ambalo hata watu wa Saruji hawakulibishia. Likabaki moja. Moja halikutosha. Saruji wakaanza kushambulia, mpira ukagonga mwamba, uwanja ukanguruma, naye alikuwa amefumba macho, anamwomba Mungu awafungie njia vijana wa watu ambao hawakumkosea lolote.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni mshambuliaji wa Reli alipotoka na mpira pembeni, akakata kuingia eneo la hatari. Beki wa kulia wa Saruji, kijana waliyempenda kuliko wote na kumwita Namba Mbili, alimfuata. Mzee aliyekaa mbele ya Mama Pasi akasimama. Kilichotokea kikatokea nyuma ya mgongo wa mzee huyo. Kipenga kililia. Alipofanikiwa kuchungulia, mshambuliaji alikuwa chini ameshika mguu, na mume wake amesimama wima, mkono umeelekea kwenye alama ya penalti.

Watu walipiga kelele kama nyumba inayobomoka. Moyo wa Mama Pasi ulishukuru kabla akili yake haijaufikia. Baadaye hilo ndilo alilolionea haya kuliko yote, jinsi ulivyoshukuru haraka.

Bao likaingia. Kipenga cha mwisho kilipolia, chupa zilianza kuruka. "Mwizi," waliimba, "mwizi, mwizi," na askari wakamtoa Refa kwa kumfunika na ngao. Ng'ambo, mmoja wa wale wanaume wawili alimpa Chapu kitambulisho chake na kumpigapiga mgongoni.

*

Refa alirudi na gari la askari, wakamshusha mwanzo wa mtaa. Binti alikuwa amejifungia chumbani, kwa sababu watoto wenzake walikuwa wameshaujua ule wimbo. Shati la Refa lilikuwa limechanika begani. Mama Pasi alimvua, akamwekea maji, akangoja amalize kuoga. Alijaribu kungoja mpaka ale, akashindwa.

"Ilikuwa penalti?"

"Wewe si ulikuwepo?"

"Mtu alisimama mbele yangu."

Refa aliketi kitandani. "Alimgusa. Mguu wa beki ulipita mbele ya mpira, ukamgusa. Wiki nyingine yoyote ningepuliza. Nadhani ningepuliza."

"Unadhani?"

"Nilipuliza kabla sijaamua. Miaka yote naona kwanza, ndipo napuliza. Leo vilikuja pamoja, sasa sijui kipi kilitangulia." Aliangalia viganja vyake. "Niliona faulo, au nilimwona Chapu? Niambie wewe, maana mimi nimejiuliza njia nzima."

Mama Pasi alitaka kusema uliona faulo.  Lakini alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu, na alijua kwamba akimwambia uongo huo mdogo ataupokea kwa shukrani na hatamwamini tena.

"Sijui," akasema.

Refa akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa matokeo aliyokuwa anayategemea.

*

Jumapili, watu wakiwa makanisani na sokoni, Chapu alikuja na bahasha. Safari hii alibisha hodi.

"Mhasibu anasema shemeji ni mtu wa kazi." Aliiweka mezani, akaondoa mkono haraka. "Anasema kuna mechi nyingine mwisho wa mwezi. Katibu ameshakupanga."

Hakuna aliyeigusa bahasha. Mama Pasi alikuwa ameanza kusema kitu hodi ya pili iliposikika, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa na majirani. Alifungua akamkuta kijana mrefu, jicho moja limevimba na mdomo umepasuka.

"Shikamoo, mama. Refa yupo?"

Alikuwa Namba Mbili. Aliingia, akakataa kiti, halafu akakubali. Mama Pasi alimpa kitambaa kilicholowa maji, akakiweka shavuni.

"Mashabiki?" Refa aliuliza.

"Wanasema nimewauza. Wamevunja madirisha ya nyumbani." Alizungumza akiangalia sakafu. "Mzee, nimekuja kukuomba kitu. Useme ulikosea. Sema tu kwamba ulikuwa mbali, kwamba sikumgusa. Wewe wameshakutukana, hakitaongezeka kitu. Mimi ninacheza mpira tu, sina kazi nyingine."

"Ulimgusa?"

Kijana alikikandamiza kitambaa shavuni.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulimgusa au hukumgusa?"

"Nilimgusa, mzee. Nilimkanyaga makusudi." Kitambaa kilishuka shavuni. "Watu wa Mhasibu waliniambia bao moja likibaki mpaka mwishoni, nifanye hivyo ndani ya eneo la hatari. Nilidhani hata wewe unajua."

Chapu alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Refa aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akarudi, na Mama Pasi aliona kitu alichokuwa hajakiona wiki nzima: uso wa mumewe umefunguka.

"Kwa hiyo ilikuwa faulo," alisema Refa.

"Ilikuwa faulo, mzee."

"Umesikia? Ilikuwa faulo."

"Nimesikia," alisema Mama Pasi. Furaha ile ilimwogopesha. Akamgeukia kijana. "Walikulipa?"

"Hawakunilipa kitu, mama. Walimtibu mama yangu jicho. Sikuwaomba. Walikuja na gari wakampeleka kufanyiwa upasuaji, wakamrudisha, na baada ya hapo ndiyo wakanipigia simu." Aliinyooshea kidole friji mpya iliyosimama bila umeme, ameshabashiri ilikotoka. "Nyie mkitaka mnaweza kuirudisha hiyo. Jicho mimi nitalirudishaje?"

Walikaa hivyo, watu wanne na bahasha moja, kila mmoja akiangalia upande wake. Ndipo Mama Pasi alipoielewa hesabu ya Mhasibu. Yule mtu hakumhitaji Refa wala hakumwamini Chapu. Alikuwa amenunua pande zote ili mmoja akikosea mwingine asikosee, na wote watatu walibaki na hatia ya mechi moja, kila mtu chumbani kwake, akidhani yuko peke yake.

"Yule mtangazaji wa redio anayekutafuta tangu mechi iishe ameshapiga simu mara ngapi?" alimuuliza mumewe.

"Tangu jana haachi. Anataka niseme chochote. Waamuzi haturuhusiwi kusema redioni."

"Wakikufungia utakosa nini? Ile mechi ya mwisho wa mwezi?"

Refa alimtazama. Chapu akainua kichwa. "Dada, mkisema hayo redioni, mimi siwezi kurudi mji huu."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Kabisa, dada."

"Nimekusikia. Kuna basi la mchana. Utakwenda kwa mama mdogo, na utamchukua binti. Utakaa naye, utampeleka shule ya huko mpaka nikuite." Sauti yake ilikuwa imara, lakini alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Na ukifika huko usimwambie mtu shemeji yako ni nani."

Chapu alijaribu kucheka, kikamtoka kilio. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa kificho, uso ukutani.

"Na mimi?" aliuliza Namba Mbili.

"Sitakutaja," Refa akasema. "Nitasema yangu tu. Friji, katibu, bahasha hii."

Kijana alifikiri, kitambaa mkononi. "Yako tu hawatayaamini, mzee. Watasema unajitetea."

"Najua."

*

Kipindi cha michezo kilirushwa moja kwa moja Jumatatu asubuhi. Studio ilikuwa ghorofani, kwenye jengo lenye ofisi za bima na fundi saa. Mtangazaji, kijana mnene mwenye macho ya uchovu, aliwaambia mapema kwamba wenye kituo hawakujua mgeni wake ni nani. "Wakijua watanikatia," alisema. "Kwa hiyo ukianza, anza na lenye uzito."

Kilichokuja baadaye hakikuwa chepesi. Chama kingemfungia Refa maisha kwa kosa la kuzungumza bila idhini, na tajiri wa karakana ya vioo angemwambia kwa upole kwamba hana kazi ya kumpa tena. Katibu angejiuzulu kwa sababu za kiafya. Mhasibu angehojiwa, maduka yake yangefungwa na kupakwa rangi mpya, na mengine yangefunguliwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini asubuhi ile hawakuyajua. Walijua tu kwamba basi lilifika salama na binti alikuwa amekunywa chai.

Refa aliingia ndani ya kile chumba cha kioo, akavalishwa visikilizio. Mama Pasi alikaa kwenye ukumbi mwembamba, karibu na meza ya mapokezi, chini ya spika iliyoning'inia ukutani. Kando yake alikaa Namba Mbili. Alikuwa amekuja bila kusema kama ataingia. Alisema mama yake amemsindikiza mpaka mlango wa jengo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mama huyo aliweza kusoma kibao cha ghorofani bila kusomewa.

Muziki wa kipindi ulikatika. Sauti ya mumewe ilitoka ukutani, kavu kidogo, kubwa kuliko alivyoizoea.

"Jumamosi nilitoa penalti," alisema. "Ilikuwa penalti halali. Nataka niwaeleze kwa nini mechi ile ilikuwa ya wizi."

Simu ya mapokezi ikalia. Msichana aliipokea, akasikiliza, akageuka kuangalia studio na uso uliobadilika. Nyingine ikalia. Chini, kwenye ngazi, mlango wa nje ulifunguliwa kwa nguvu na viatu vya watu zaidi ya mmoja vikaanza kupanda.

Namba Mbili aliinuka. Akasimama pale muda mfupi, mrefu, amevimba uso, halafu akausukuma mlango wa studio akaingia, na mtangazaji akamsogezea maikrofoni ya pili.

Mama Pasi alichukua kiti chake. Alikiburuta mpaka mbele ya mlango ule, akauegemeza mgongo wa kiti kwenye kitasa, akakaa juu yake na mikono mapajani, akiwasikiliza wale waliokuwa wanapanda.